Udhaifu wa Nguvu za Kiume kwa Vijana, na Yapasayo Kufanywa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema zamthubutukia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikilie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Kuna jambo lifichwalo majumbani hatta likavunja ndoa kabla haijajulikana sababu yake. Kijana huoa, siku za fungate zikafika, naye asimuweze mkewe. Au huweza mwanzoni, kisha nguvu zikampungua. Kwa haya hamwambii mtu. Siku zikipita hutafuta wa kumlaumu: mara husema kasoro ni ya mke, mara husema amefungwa na hasidi. Mwisho talaka hutoka, na mwanamke asiye na kosa hurejea kwa wazee wake na jina bovu. Somo hili labainisha maradhi haya ni nini, yatoka wapi, na njia ya halali ya kuyaendea.

MAANA YAKE. Aliyeshindwa usiku mmoja kwa uchovu au homa si mgonjwa. Matabibu huyaita maradhi pale uume usiposimama, au usipodumu kusimama kiasi cha kutimiza tendo la ndoa, na hali hiyo ikaendelea miezi mitatu au zaidi. Wala si ya wazee peke yao. Mwaka 2013 matabibu wa Milan, nchi ya Italia, walieleza khabari za wanaume 439 waliokuja kutaka dawa ya shida hii mara ya kwanza: 114 kati yao, yaani kama robo, hawakupita umri wa miaka 40.

SABABU ZAKE. Fikra na mguso hupeleka khabari kwa mishipa ya fahamu. Mishipa ya damu ya uume hulegea ikapanuka, damu ikaingia kwa wingi na kuzuiwa isitoke. Basi kila kiharibucho fahamu, mishipa ya damu, au utulivu wa nafsi, huharibu na jambo hili.

Sababu za nafsi ni kama khofu, huzuni, deni na ugomvi. Khofu hukaza mishipa na damu haiingii. Aliyeshindwa jana huingia leo akiogopa kushindwa, na khofu ile ile ndiyo imshindayo. Sababu za mwili ni kama kisukari, shinikizo la damu, unene, tumbaku, ulevi, upungufu wa homoni ya kiume, na baadhi ya dawa. Kukesha nako kuna madhara: mwaka 2011 katika mji wa Chicago vijana 10 wenye siha walilala saa tano tu kila usiku kwa muda wa juma, na homoni yao ya kiume ya mchana ikapungua kwa 10 hatta 15 katika mia.

Alama ya kupambanua ni hii: aamkaye asubuhi uume umesimama, kisha akashindwa mbele ya mkewe, aghalabu mishipa yake ni mizima na shida ni ya nafsi. Asiyeliona hatta hilo kwa miezi, na aharakishe kupimwa mwili. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hivyo ugumu wa mishipa huenda ukadhihiri hapo kwanza. Afichaye udhaifu huu pengine aficha onyo la maradhi ya moyo.

HUKUMU YA SHERIA. Katika zama za Mtume (S.A.W.) mwanamke aliyeachwa na Rifaa, akaolewa na Abdurrahman bin Zabir, alikuja mbele yake akaeleza udhaifu wa mumewe. Mlangoni alikuwako aliyetaka mwanamke yule akaripiwe, lakini Mtume hakuzidi kutabasamu. Khabari hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi kulileta jambo hili kwa mwenye elimu si ukosefu wa haya.

Na imepokewa kwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) kwamba mume asiyemuweza mkewe hupewa muda wa mwaka. Wanavyuoni wa Kishafii wakaeleza hekima yake: misimu minne impitie, kwani huenda ugonjwa umetokana na joto au baridi, ukaondoka kwa kugeuka majira. Mwaka ukiisha naye hakumuweza hatta mara moja, mke ana haki ya kutaka ndoa ivunjwe mbele ya kadhi. Mwaka huo basi ni wa kujitibu. Aupitishaye kwa kuficha na kulaumu amejidhulumu, na amemdhulumu mkewe.

Ama sihiri, imetajwa katika Qur'ani wala haikanushwi. Lakini kumtuhumu jirani bila ushahidi ni dhulma, na kumwendea mpiga ramli ni haramu. Dua na kisomo havimzuii mtu kumwendea tabibu, kwani Mtume aliamrisha watu kujitibu.

DAWA YAKE. Kwanza, mume amwambie mkewe kweli, na wakae kwa upole siku kadhaa bila kulikusudia tendo lenyewe, ili khofu iondoke. Pili, aache tumbaku, alale vya kutosha, atembee. Tatu, amwendee tabibu apimwe sukari, shinikizo, mafuta ya damu na homoni.

Iko dawa iitwayo sildenafil, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998. Husaidia mishipa kulegea, wala haileti matamanio. Anywaye dawa za moyo za namna ya naitreti akiichanganya nazo, shinikizo hushuka ghafula na huweza kufa. Na uume ukisimama kupita saa nne, ni wajibu kukimbilia hospitali. Unga na mizizi iuzwayo njiani kwa jina la nguvu imeonekana mara nyingi kutiwa dawa hiyo kwa siri, na mnywaji hajui kipimo anywacho.

Uanaume wa mtu haupimwi kwa usiku mmoja. Hupimwa kwa ukweli wake, na kwa kumhifadhi aliyemchukua kwa amana ya Mwenyezi Mungu. Ndoa ngapi zingalisalimika lau mume angalisema neno moja mapema!

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, na azisitiri nyumba za Waislamu. Amin.