Okteni: Je, Yafaa Kurekebisha Gari kwa Petroli ya Namba ya Juu?

Wapenzi wengi wa magari ya kasi huamini kwamba petroli yenye namba kubwa ya okteni ndiyo yenye nguvu zaidi. Imani hiyo ina gharama: mafuta ya bei kubwa, ujira wa fundi, na pengine pistoni iliyotoboka. Hebu tuichunguze kwa fizikia na kemia ya sekondari, na mfano wetu uwe gari liendalo kutoka Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, hadi Dar es Salaam.

Namba ya okteni hupima uvumilivu wa petroli. Haipimi nguvu. Kipimo hiki kilibuniwa na mkemia Mmarekani, Graham Edgar, katika miaka ya 1920. Alichukua vimiminika viwili: heptani, ambayo hulipuka upesi ikigandamizwa, akaipa namba 0, na isooktani, iliyo stahimilivu, akaipa namba 100. Petroli ya namba 95 hustahimili mgandamizo sawa na mchanganyiko wa isooktani sehemu 95 na heptani sehemu 5. Sasa tazama joto: kilo moja ya heptani ikiungua hutoa megajuli 44.6 hivi, na kilo moja ya isooktani 44.3. Namba 0 yaishinda namba 100, ingawa kwa kiasi kidogo mno!

Uvumilivu huo wahitajika kwa nini? Ndani ya silinda, pistoni hugandamiza hewa na petroli, kisha cheche ya plagi huwasha. Moto hauenei mara moja, bali husafiri kutoka kwenye plagi. Sehemu ambayo moto haujaifikia huzidi kubanwa na kupata joto. Ikilipuka yenyewe kabla ya zamu yake, husikika mlio mkali kama misumari ndani ya kopo. Hapo mafundi husema injini inagonga. Kugonga kukidumu, pistoni na gasketi huharibika.

Faida ya kugandamiza zaidi hupatikana kwa kanuni hii: ufanisi = 1 − 1/r⁰·⁴, ambapo r ni uwiano wa mgandamizo. Kwa r = 9 tunapata asilimia 58.5; kwa r = 10, asilimia 60.2. Kwa hiyo nguvu huongezeka kwa asilimia 3 hivi, na hiyo ni injini ya nadharia isiyopoteza joto kwenye kuta za silinda. Kwa gari la kawaida, lipitalo vijijini kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hapana budi tuseme wazi kwamba marekebisho hayo hayalipi.

Lakini magari mengi ya mitumba kutoka Japani yana tabo, yaani pangaboi linalozungushwa na moshi wa injini ili kushindilia hewa ndani ya silinda. Baadhi yake yaliundwa kwa petroli ya juu ya Japani, ambayo kwa kiwango cha nchi hiyo haipungui namba 96. Likipewa petroli ya namba ya chini, kifaa maalumu husikia mgongo huo na kompyuta huchelewesha cheche. Injini hupona, nguvu hupungua. Gari la namna hii lipewe mafuta yaliyoandikwa katika kitabu chake. Kulirekebisha kupita hapo ni kujifunga: siku kituo cha jirani hakina mafuta hayo, utafanyaje? Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, alishinda mashindano ya Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari lililosifika kwa ugumu kuliko kwa kasi.

Mahali nako kuna uzito. Hewa ya Kaole ikiwa nyuzi 32, yaani kelvini 305, na uwiano ukiwa 9, mgandamizo huifikisha kelvini 735. Asubuhi ya nyuzi 20 mjini Iringa, hewa hiyo ingefika kelvini 706 tu. Tofauti ya nyuzi 12 imekuwa 29! Zaidi ya hayo, Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu. Kwa hiyo injini isiyogonga Iringa yaweza kugonga pwani, ijapokuwa unyevu wa bahari husaidia kidogo kuituliza.

Kwa miaka mingi okteni iliongezwa kwa sumu. Mwaka 1921 Thomas Midgley aligundua kwamba mchanganyiko wa madini ya risasi huzuia kugonga, na moshi wake ukadhuru ubongo wa watoto duniani kote. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006. Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021. Siku hizi okteni hutokana na usafishaji bora wa mafuta, na katika nchi kadhaa huongezwa ethanoli, ambayo namba yake hupita 100.

Zoezi. (1) Ziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole, kisha pampu upesi mara 20. Shika sehemu ya chini ya pampu na ueleze joto hilo limetoka wapi. (2) Kokotoa ufanisi kwa r = 8 na r = 12. Je, kila nyongeza ya uwiano huleta faida ile ile? (3) Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Eleza kwa nini heptani ingeifaa kuliko isooktani.