Kuona na Kukisia: Somo la Mnyama Aliyeitwa Mara Tatu

Mwanafunzi wa ualimu aingiapo darasani kufundisha Sayansi kwa mara ya kwanza, huogopa zaidi jibu la mtoto lisilokuwamo katika andalio lake la somo. Kwa hofu hiyo humkatiza mtoto kabla hajamaliza kusema. Twapendekeza hapa somo la Darasa la Sita ambalo zana yake ni makosa ya wataalamu wenyewe.

Mwaka 1892 Joseph Whiteaves alieleza visukuku kutoka Mlima Stephen, nchini Kanada. Aliona kitu chenye pingili na miiba, akakisia kuwa ni kiwiliwili cha kamba asiye na kichwa. Akakiita Anomalocaris, yaani kamba asiye wa kawaida. Mwaka 1911 Charles Walcott alieleza visukuku vingine vya milima hiyo. Duara lenye tundu katikati, mfano wa kipande cha nanasi, alilidhania yavuyavu. Umbo jingine, refu na bapa, alilidhania jongoo bahari. Viumbe watatu, majina matatu.

Mwaka 1979 Derek Briggs alidai kwamba yule "kamba" hakuwa kiwiliwili bali kiungo cha mnyama mkubwa zaidi. Kisha Harry Whittington alipochonga mwamba kwa uangalifu, tabaka baada ya tabaka, alikuta viungo hivyo na lile duara katika mwili mmoja. Duara lilikuwa kinywa! Mwaka 1985 wawili hao walitangaza kuwa hao wote ni sehemu za mnyama wa aina moja, mwindaji wa bahari ya miaka milioni 500 hivi iliyopita.

Darasani, mwalimu achore sehemu hizo tatu katika karatasi mbalimbali, na kila kikundi kipewe moja tu. Kurasa za daftari zigawanywe safu mbili: "Tulichokiona" na "Tunachokisia". Hapa ndipo penye kazi. Watoto wataandika "kamba" katika safu ya kwanza, na mwalimu asifute, aulize, "Mmeona kamba, au mmeona pingili na miiba?" Swali hilo lirudiwe kwa kila kikundi hata watoto waanze kuulizana wao kwa wao. Dakika ishirini si nyingi. Ndipo karatasi ziunganishwe ubaoni. Tungependa mwalimu asiseme mapema kwamba ni mnyama mmoja, kwani akisema, somo limekwisha.

Tena mwalimu asiufanye mchoro wa 1985 kuwa neno la mwisho. Vielelezo kamili vilivyoelezwa mwaka 1996 vilionyesha kuwa zile sehemu zilitoka kwa wanyama wa jamaa moja lakini si wa aina moja. Lile duara la Walcott ni la jamaa yake, Peytoia. Urefu pia umepunguzwa: uliodhaniwa kufikia mita moja sasa hukadiriwa kuwa chini ya nusu mita. Na ilivyosemwa kwamba alivunja magamba magumu ya trilobiti, utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa viungo vyake vya kukamatia vingeumia. Yaelekea aliwinda viumbe laini waogeleao.

Kwa zoezi la nyumbani, watoto walete mfupa, ganda au mbegu iliyokauka, bila kusema ni ya nini. Wenzao wajaze safu mbili.