SOMO LA WATENDAJI: KUKAGUA GARI DOGO LILILOKWISHA TUMIKA

Chama cha msingi kinapohitaji gari dogo la kumfikisha katibu benki na kwenye vituo vya kununulia mazao, mara nyingi uwezo wake huishia kwenye gari lililokwisha tumika. Jambo hilo si baya. Magari kama Toyota IST ya kati ya 2002 na 2007 yamezoeleka kwa mafundi, na vipuri vyake si vigumu kupatikana. Hatari imo katika kulipa fedha za wanachama kabla ubovu wa gari haujajulikana.

Chukulia mfano huu. Gari la kwanza linauzwa shilingi 9,000,000 na la pili shilingi 10,500,000. Wanakamati wanafurahia la kwanza kwa sababu ni rahisi. Lakini giaboksi yake yahitaji shilingi 1,800,000, na breki pamoja na shokamzoba shilingi 700,000. Gari hilo limekwisha kuwa la shilingi 11,500,000, nalo bado limelala gereji wakati wa msimu. Gari la pili, kama ni zima, ndilo rahisi.

Katibu halazimiki kuwa fundi. Wajibu wake ni kupata fundi asiye na uhusiano na muuzaji, kusimama naye hatua kwa hatua, na kuandika kila kinachoonekana. Hatua hizo ni nne.

1. Injini ikiwa baridi

Muuzaji aelezwe mapema kwamba gari lisiwashwe siku ile kabla wakaguzi hawajafika. Injini iliyokwisha pata moto huwaka kwa urahisi, na baadhi ya kelele zake hupotea. Boneti ikiguswa na kukutwa na joto la injini, ukaguzi na usubiri hadi ipoe.

Ndipo kifuniko cha rejeta kifunguliwe. Kamwe kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, maana maji yanayochemka yataruka na kumwunguza mtu. Utando wa mafuta juu ya maji ni dalili mbaya. Kisha kijiti cha kupimia oili kichomolewe. Oili nyeusi peke yake si ugonjwa. Huenda imechelewa kubadilishwa tu. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa yaonyesha kwamba imechanganyika na maji, na mara nyingi chanzo ni gasketi ya silinda hedi iliyoungua au hedi iliyopinda. Gari la namna hiyo lisinunuliwe.

Ufunguo uzungushwe bila kuwasha injini. Taa ya onyo ya injini na ile ya oili hazina budi kuwaka, kisha kuzimika injini inapoanza kunguruma. Taa isiyowaka kabisa itiliwe shaka: yawezekana globu imeondolewa ili ubovu usionekane.

2. Injini inaponguruma

Mtu mmoja asimame nyuma kutazama moshi. Mvuke mwembamba wa asubuhi hutoweka upesi, nao hauna neno. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, kwa sababu ya ringi za pistoni au sili za valvu zilizochakaa. Moshi mweupe mzito usiokoma waonyesha maji yanaingia ndani ya silinda. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Huu mara nyingi hutengenezeka kwa gharama ndogo kuliko ile miwili.

Injini ya IST hutumia mnyororo wa taimingi. Mlio kama wa mnyororo unaotikiswa, ukidumu baada ya injini kuwaka, ni ishara kwamba umelegea. Magari mengine, kama Toyota Starlet ambayo utengenezaji wake ulikoma 1999, hutumia mkanda wa mpira. Mkanda huo hubadilishwa kwa wakati, kwa kawaida kabla ya kilomita 100,000. Muuzaji asipokuwa na kumbukumbu ya kuubadilisha, gharama hiyo ihesabiwe kuwa ya chama.

Injini iachwe ikinguruma dakika 20. Mshale au taa ya joto itazamwe, na feni ya rejeta isikilizwe kama inaanza yenyewe.

3. Gari likiwa barabarani

Gari la giaboksi ya kujiendesha lijaribiwe kwanza likiwa limesimama, mguu ukiwa juu ya breki. Gia ya nyuma na ya mbele ziingie bila kukawia wala kushtua. Oili ya giaboksi iliyo nyeusi na yenye harufu ya kuungua ni onyo kubwa. Kwa gari la klachi, injini ikinguruma zaidi lakini mwendo hauongezeki mlimani, sahani ya klachi imekwisha.

Katika magari mengi ya aina hii, magurudumu ya mbele ndiyo yanayozungushwa na injini. Usukani ukatwe hadi mwisho, gari lizunguke polepole kulia, kisha kushoto. Mlio wa tak-tak-tak watoka kwenye jointi za shafti zilizokwisha. Mvumo unaoongezeka kwa kadiri ya mwendo huashiria beringi ya gurudumu. Gari likikimbilia upande mmoja breki inapokanyagwa, au pedeli ikizama polepole chini ya mguu, breki zina kasoro. Na kwa breki hakuna cha kuvumilia, maana hapo ni roho za watu.

4. Chini ya gari, na kadi yake

Injini iliyooshwa ikang'aa haionyeshi uvujaji. Kwa hiyo itazamwe tena baada ya safari ya majaribio. Mipira ya shafti ichunguzwe kama imepasuka. Kila kona ya gari ikandamizwe na kuachiwa: likiendelea kudunda, shokamzoba zimechoka. Tairi iliyolika upande mmoja yaeleza juu ya bushi zilizokufa au magurudumu yasiyonyooka. Tarakimu nne za mwisho katika alama ya utengenezaji wa tairi ni wiki na mwaka; 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Mwisho, namba ya chesisi na ya injini zilinganishwe na kadi ya gari. Zikitofautiana, mazungumzo yakomee hapo.

Uamuzi

Taarifa iandikwe katika mafungu matatu: kasoro ndogo, kasoro za kupunguzia bei, na kasoro za kukataa gari. Fundi na katibu watie sahihi, kamati iisome, na hapo ndipo malipo yafikiriwe. Taarifa hiyo ihifadhiwe katika jalada la gari. Mwanachama atakapouliza katika Mkutano Mkuu kwa nini gari hili lilichaguliwa, ajibiwe kwa maandishi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini muuzaji huambiwa asiwashe gari kabla ya wakaguzi kufika?
2. Moshi wa buluu na moshi mweupe mzito vyatofautianaje, na chama kifanye nini kwa kila kimoja?
3. Ni nani katika chama chenu atakayemchagua fundi wa kukagua, na mtahakikishaje kwamba hafungamani na muuzaji?