Chuo Kikuu cha St Andrews na Maisha ya Wanafunzi Wake

Katika pwani ya mashariki ya nchi ya Uskoti, mahali ambapo upepo wa Bahari ya Kaskazini huvuma karibu mwaka mzima, upo mji mdogo uitwao St Andrews. Wakazi wake, hata wakihesabiwa pamoja na wanafunzi, hawafiki 20,000. Watu wengi ulimwenguni huujua mji huo kwa sababu ya mchezo wa gofu, lakini sifa yake iliyo kubwa zaidi ni chuo chake kikuu. Hicho ndicho chuo kikuu cha kwanza cha Uskoti, na katika kisiwa chote cha Uingereza hutanguliwa kwa umri na vyuo vya Oxford na Cambridge tu. Mwaka 2013 kilitimiza miaka 600.

Mtu akitazama leo kuta zake nene za mawe, na wanafunzi wake wapatao 10,000 watokao pande zote za dunia, huenda akadhani ya kuwa mambo yalikuwa mepesi tangu mwanzo. Sivyo hata kidogo. Chuo hiki kilizaliwa katika ugomvi, kikakua katika umaskini, na mara zaidi ya moja kilikaribia kufa. Kwa ajili hiyo historia yake inafaa kujulikana na kila mzazi aliyewahi kujiuliza atampelekaje mtoto wake shuleni.

Hapo kale Uskoti haikuwa na chuo kikuu. Kijana aliyetaka elimu ya juu ilimpasa kuvuka bahari kwenda Paris, au kwenda Oxford na Cambridge katika nchi ya Waingereza. Kisha njia zote mbili zikazibwa. Waingereza na Waskoti walikuwa maadui wa siku nyingi, na mfalme kijana wa Waskoti, James wa Kwanza, alikuwa mfungwa mikononi mwa Waingereza tangu mwaka 1406. Tena wakati huo Kanisa la Magharibi lilikuwa limegawanyika, na watu zaidi ya mmoja walidai kuwa Papa. Waskoti walimfuata Benedict wa Kumi na Tatu. Wafaransa, ambao nao walikuwa upande wake, wakamwacha mwaka 1408, na Waskoti wakajiona hawana nafasi tena katika Paris.

Ndipo walimu wachache walipoanza kufundisha wenyewe katika mji wa St Andrews, mwaka 1410. Hawakuwa na jengo lao wala ruhusa ya kutoa shahada. Askofu wa mji, Henry Wardlaw, aliwapa hati yake mwaka 1412, lakini kwa desturi ya zama hizo shahada haikuheshimiwa katika nchi nyingine pasipo kibali cha Papa. Benedict, aliyekuwa amekimbilia katika ngome ya Peñíscola huko Hispania, alikubali upesi, maana marafiki zake walikuwa wamebaki wachache. Hati zake ziliandikwa tarehe 28 Agosti 1413, nazo zilifika St Andrews mwezi wa Februari mwaka uliofuata. Kengele zikapigwa mji mzima, moto wa furaha ukawashwa njiani, na watu wakanywa divai.

Miaka minne tu baadaye, mwaka 1418, chuo chenyewe kiliamua kumwacha Benedict na kumfuata Papa mwingine. Mtu aweza kusema kwamba mtoto alimkana baba yake. Lakini Benedict hakuwa na nguvu tena, na chuo hakikutaka kufa pamoja naye.

Wanafunzi wa zamani hawakuwa watu wazima kama wa leo. Wengi walikuwa wavulana wa miaka 14 au 15. Hata mnamo mwaka 1791, Thomas Chalmers, ambaye baadaye alikuwa kiongozi mashuhuri wa Kanisa la Uskoti, aliingia katika chuo hiki akiwa na miaka 11. Masomo yalitolewa kwa Kilatini. Ili vijana wapate mahali pa kulala, kula na kusimamiwa, vilijengwa vyuo vidogo ndani ya chuo kikuu: St Salvator mwaka 1450, kazi ya Askofu James Kennedy, St Leonard mwaka 1512, na St Mary katika mwaka wa 1538.

Mbele ya lango la St Salvator, katika mawe ya barabara, zimepangwa herufi mbili: PH. Ni alama ya Patrick Hamilton, mwalimu kijana aliyeyapokea mafundisho ya Martin Luther na kuyasema waziwazi. Viongozi wa Kanisa walimhukumu, na tarehe 29 Februari 1528 alichomwa moto mahali hapo, naye ana umri wa miaka 24 hivi. Moto haukushika vizuri, kwa hiyo ilichukua saa sita mpaka akafa. Hata leo mwanafunzi wa St Andrews hakanyagi herufi hizo. Husemwa kwamba atakayezikanyaga atashindwa katika mtihani wake. Utawaona vijana wanaosoma fizikia na hesabu, wasioamini uchawi wala mazimwi, wakiruka kando ya mawe hayo bila kuona haya.

Baada ya vita vya dini ilikuja miaka ya dhiki. Mnamo mwaka 1668 alifika kufundisha hesabu James Gregory, mmoja wa wataalamu wakubwa wa wakati wake, ambaye alikuwa amebuni darubini ya kutazamia nyota yenye kutumia vioo. Alitaka kujenga nyumba ya kutazamia nyota, lakini fedha hazikuwapo, hata ikabidi michango ikusanywe milangoni mwa makanisa ya Aberdeen. Wenzake waliyashuku mafundisho yake mapya. Mwaka 1674 alihamia Edinburgh, akilalamika ya kuwa hata mshahara wake ulizuiwa.

Mwaka 1697 wakuu wa chuo walifanya mashauri ya kukihamishia chuo chote Perth, mji ulio mbali kidogo na bahari. Sababu walizotoa zinafaa kusimuliwa. Walisema ya kwamba St Andrews umegeuka kuwa kijiji cha wakulima; kwamba njia zake zimejaa marundo ya samadi na matumbo ya samaki yanayonuka; na kwamba wenyeji wake hawawapendi wasomi. Mashauri hayo hayakutimia, na chuo kikabaki pale pale pamoja na harufu yake. Mwaka 1747, kwa kukosa mali, vyuo vya St Salvator na St Leonard viliunganishwa kuwa kimoja. Mwandishi Mwingereza Samuel Johnson alipopita mwaka 1773, aliambiwa kwamba wanafunzi hawakuzidi 100, akasikitika sana kuona mahali pa elimu panaachwa paanguke.

Hata hivyo Johnson aliona jambo moja la kusifiwa. Mwanafunzi wa tabaka la juu aliweza kukaa chuoni kipindi chote cha mwaka, yaani miezi saba, kwa paundi 15 hivi. Na yule wa hali ya chini kwa paundi zisizofika 10, pamoja na chakula, malazi na mafunzo. Hapo ndipo tofauti ilipokuwa kati ya vyuo vya Waskoti na vile vya Oxford na Cambridge. Mtoto wa mkulima, wa mchungaji wa kanisa, au wa fundi wa mkono, kama alikuwa na akili na mzazi mwenye moyo, aliweza kuingia.

Aliingiaje? Aliingia na gunia. Waskoti wana nafaka yao, jamii ya shayiri, iitwayo oti. Mwanafunzi maskini alitoka kwao amebeba gunia la unga wa nafaka hiyo, akapanga chumba katika nyumba ya mjini, na mwenye nyumba akampikia uji asubuhi na jioni. Gunia hilo, pamoja na viazi na samaki wa chumvi, lilimlisha muda wa masomo. Lakini gunia halina ahadi, na kufika katikati ya kipindi cha baridi unga ulikuwa umepungua. Basi vyuo vya kale vya Uskoti viliweka siku ya mapumziko, ambayo tungeweza kuiita Jumatatu ya Unga, ili mwanafunzi apate kwenda kwao kujaza gunia na kurudi. Siku hiyo ilibaki katika kalenda hata baada ya magunia yenyewe kusahaulika. Nayo miezi ya kiangazi ilikuwa ya likizo ndefu, na vijana wengi walirudi mashambani kufanya kazi. Msomaji aliyewahi kulipa karo ya shule kwa debe la mahindi hatahitaji kuelezwa zaidi.

Msaada mkubwa wa fedha ulikuja mwaka 1901. Andrew Carnegie, aliyezaliwa Dunfermline katika jimbo lile lile la Fife, mwana wa mfuma nguo, alikuwa amehamia Marekani utotoni na kutajirika kwa biashara ya chuma cha pua. Alivipa vyuo vikuu vya Uskoti dola milioni 10, na sehemu kubwa ya faida yake iliwekwa kwa ajili ya kulipa ada za wanafunzi wa Kiskoti. Katika siku zetu wanafunzi wakaao Uskoti hulipiwa mafunzo ya shahada ya kwanza na serikali. Watokao Uingereza na nchi za ng'ambo hulipa wenyewe, tena si kidogo.

Wanawake nao walikaa nje ya mlango kwa miaka mingi. Mwaka 1877 chuo kilianzisha cheti maalumu kwa ajili yao. Mwanamke aliweza kusoma kwao, hata kama anakaa mbali sana, akafanya mtihani katika kituo kilicho karibu naye. Ilikuwa hatua nzuri, ila ilikuwa cheti tu, wala si shahada. Wanawake zaidi ya 5,000 walikipata. Mlango wenyewe ulifunguliwa mwaka 1892, na mwaka 1895 Agnes Blackadder akawa mwanamke wa kwanza kupewa shahada ya M.A. katika chuo hiki. (Tukumbuke kwamba katika vyuo vya kale vya Uskoti M.A. ni shahada ya kwanza ya masomo ya fasihi, historia na mengineyo ya jinsi hiyo, si ya pili kama kwingineko. Hiyo ndiyo aliyoipata Julius Nyerere katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikosoma tangu mwaka 1949 hata 1952.)

Desturi za wanafunzi ni nyingi, na nyingine huchekesha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huitwa kwa jina la kale lililotoka katika Kifaransa, maana yake ni mdomo wa njano, yaani kinda la ndege ambalo halijaota manyoya. Kinda hilo halina budi kutafuta baba na mama miongoni mwa wanafunzi wa miaka ya mbele, ambao humwonyesha njia za chuo. Zamani mwana alimshukuru mzazi wake kwa ratili moja ya zabibu kavu, na mzazi akamwandikia hati ya kupokea kwa Kilatini. Siku hizi zabibu zimegeuka kuwa divai, na hati huandikwa juu ya kitu chochote kikubwa cha kuchekesha, ambacho mwana hulazimika kukibeba njiani mbele ya watu. Asubuhi hiyo humalizika uwanjani kwa vita vya mapovu ya sabuni, hata wote wakawa weupe kama kondoo.

Vazi lao ni joho jekundu la sufi. Husimuliwa ya kuwa rangi hiyo ilichaguliwa ili mwanafunzi aonekane upesi akiingia katika nyumba za pombe. Wa mwaka wa kwanza hulivaa juu ya mabega yote mawili. Kila mwaka upitao hulishusha kidogo, hata wa mwaka wa nne huliacha lining'inie viwikoni. Kwa hiyo mgeni ajuaye desturi anaweza kujua umri wa mwanafunzi chuoni bila kumwuliza.

Tena wanafunzi huchagua kwa kura mtu wa kusema kwa niaba yao, aitwaye Rekta, ambaye hukaa miaka mitatu na kuongoza mikutano ya baraza kuu la chuo. Carnegie alikuwa mmoja wao. Vile vile mwandishi J. M. Barrie, ambaye mwaka 1922 aliwahutubia wanafunzi juu ya ushujaa, wengi wao wakiwa vijana wa kizazi kilichotoka katika vita. Na msafiri wa nchi za barafu, Fridtjof Nansen wa Norwei.

Na yule aliyekanyaga herufi za Patrick Hamilton, je, hana dawa? Anayo. Alfajiri ya tarehe 1 Mei wanafunzi kwa mamia hukimbia baharini na kujitosa, na maji ya bahari ile katika mwezi wa Mei ni ya kukata pumzi. Wakitoka wamesamehewa, nao huenda kusoma.

Siku ya Jumapili, baada ya ibada katika kanisa la St Salvator, huvaa majoho yao na kushuka bandarini kwa mstari mrefu mpaka mwisho wa gati. Husimuliwa kwamba hufanya hivyo kwa kumkumbuka mwenzao John Honey. Mwezi wa Januari mwaka 1800 chombo kiitwacho Janet kilikwama karibu na mji huo katika dhoruba, na watu wote wakasimama ufuoni wakitazama. Honey, aliyekuwa mwanafunzi, alijifunga kamba, akaogelea mpaka chomboni, akawaleta pwani watu watano, mmoja baada ya mwingine. Wafikapo mwisho wa gati, wanafunzi hupanda juu ya ukuta mwembamba na kurudi kwa njia hiyo, na upepo ukiwa mkali huyashika majoho yao kwa mikono miwili.