Hesabu ya Nyumba Mbovu

Wanafunzi wengi huniuliza hesabu za kutoa na za sehemu zitawafaa nini watakapotoka shuleni. Nitawajibu kwa mfano mmoja: mtu ataka kununua nyumba iliyoharibika, naye hajui aseme bei gani. Wazazi nao na wasome, maana kosa la hapa laweza kumaliza akiba ya miaka thelathini.

Mwaka jana jirani yangu hapa Tanga, mzee aliyestaafu, alionyeshwa nyumba ya matofali yenye vyumba sita. Mwenyewe alitaka Sh. 38,000,000. Katika mtaa ule ule nyumba tatu nzima za ukubwa huo zilikuwa zimeuzwa kwa Sh. 44,000,000, Sh. 45,000,000 na Sh. 46,000,000. Mzee akaniambia, "Mwalimu, hapa nimeokota. Naokoa milioni saba!" Nikamwomba asitoe hata senti moja mpaka tuikague nyumba na kuandika hesabu.

UKAGUZI

Tulikwenda na fundi wakati wa masika, asubuhi iliyofuata mvua kubwa, maana mvua haifichi aibu ya nyumba.

Kwanza, paa. Nyumba haikuwa na dari. Tulifunga milango na madirisha, tukatazama juu. Kila palipotoboka, mwanga uliingia kama nyota. Fundi akachoma kenchi kwa ncha ya kisu, nacho kikazama kama katika mkate. Mchwa walikwisha kula. Kumbukeni pia kwamba bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, ijapokuwa namba yake ni kubwa.

Pili, kuta. Ufa mwembamba kama unywele katika lipu ni jambo dogo. Lakini ufa unaopanda ngazi ngazi kati ya matofali, hata kidole kikaingia, huashiria kwamba msingi umetitia. Unga mweupe chini ya ukuta ni chumvi iliyopandishwa na unyevu. Ukipaka rangi juu yake, itabambuka.

Tatu, tulitazama shimo la choo na nyaya za umeme. Vyote vilitaka kazi.

HESABU

Paa: Sh. 5,500,000
Kuta, msingi na lipu: Sh. 2,500,000
Choo: Sh. 2,000,000
Umeme: Sh. 1,000,000
Jumla: Sh. 11,000,000
Akiba, sehemu moja ya tano: Sh. 2,200,000
Kodi ya kupanga kwingine miezi 4: Sh. 800,000
Jumla kuu: Sh. 14,000,000

Ile akiba msiidharau. Fundi huona yaliyo nje tu; paa likifunguliwa au lipu likibanduliwa, hutokea mengine.

Wastani wa nyumba nzima ni Sh. 45,000,000. Toa Sh. 14,000,000, zabaki Sh. 31,000,000. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa, wala si bei ya kuanzia. Kama mzee angalitoa Sh. 38,000,000, nyumba ingalimgharimu Sh. 52,000,000, yaani milioni saba zaidi ya nyumba nzima ya jirani. Ile faida aliyoiona ilikuwa hasara ya kiasi kile kile.

MAPATANO

Bei ya juu iandikwe kabla ya mapatano, maana maneno matamu huipandisha. Mzee alianza na Sh. 27,000,000, akamwonyesha muuzaji orodha yetu kwa adabu, bila kuikashifu nyumba, kwani ni jasho la mtu. Muuzaji alishuka mpaka Sh. 34,000,000, akakataa kuendelea. Mzee akamshukuru, akaondoka. Mpaka leo amepanga, lakini fedha zake ziko benki.

JAMBO LISILOTOLEKA

Kasoro ya paa hutolewa katika bei. Kasoro ya hati haina hesabu. Kabla ya kulipa, chunguza hati katika ofisi ya msajili wa hati. Nyumba ikiwa ya urithi, mwulize msimamizi wa mirathi na uone barua yake ya mahakama. Ikiwa ni nyumba ya mume na mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka mwenzi akubali. Mambo hayo yasipokuwa sawa, usinunue hata ukipunguziwa nusu ya bei.

ZOEZI

Nyumba nzima mtaani huuzwa Sh. 60,000,000. Mbovu yataka matengenezo ya Sh. 15,000,000, akiba ya sehemu moja ya tano, na kodi ya miezi 6 kwa Sh. 250,000 kila mwezi. Mwenyewe ataka Sh. 45,000,000.

1. Bei ya juu ya mnunuzi ni ngapi?
2. Akikubali bei ya mwenyewe, atapata hasara kiasi gani?
3. Waulize wazazi wako bei ya bati na mfuko wa saruji leo, kisha ukadirie gharama ya kurekebisha chumba kimoja cha nyumbani kwenu.