Somo: Kujibu Salamu kwa Kireno

Ndugu Wanachama,

Mwenzetu mmoja alikwenda Mbaha, ufukoni mwa Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, kumtazama shemeji yake. Kusini ya huko ufuko huo waingia Msumbiji, penye Cóbuè na Metangula, ambako Kireno ndiyo lugha ya serikali. Njiani akakutana na mgeni wa upande huo, akaulizwa, "Tudo bem?" Mwenzetu alikuwa na homa kali, wala hakujua jibu, akalirudisha neno kama alivyolisikia. Kumbe amesema, "Mambo yote mema." Mgeni akaenda zake, naye ndiye aliyekuwa na chombo cha kumfikisha zahanati.

Kwa hiyo twatoa somo hili.

Asubuhi husemwa "Bom dia". Baada ya adhuhuri, "Boa tarde". Usiku, "Boa noite". Jibu ni kulirudisha neno lile lile.

Kisha huulizwa "Como está?" yaani "Hujambo?" Jibu lake: "Estou bem, obrigado" – "Sijambo, ahsante." Hapa tuwe macho: mwanamume husema "obrigado", mwanamke "obrigada". Hutazamwa anayeshukuru, si anayeshukuriwa. Halafu mrudishie mwenzako: "E o senhor?" kwa mwanamume, "E a senhora?" kwa mwanamke. Hiyo "nh" isome kama "ny" yetu.

Asiye mzima asione haya. Na aseme "Não estou bem", yaani "Sijambo" haipo leo, au "Mais ou menos", "Hivi hivi tu."

Ukiulizwa utokako, usiseme "Pemba" peke yake. Msumbiji nako uko mji wa Pemba, ulioitwa Porto Amélia mpaka 1975. Sema, "Sou da ilha de Pemba, na Tanzânia." Na karafuu zetu waite "cravinho".

Lugha hii si ngeni kabisa kwetu: meza, leso na bendera ni maneno yaliyotoka kwa Wareno.

Sisi tumezoea kujibu "njema" kwanza, hata mwenye msiba, kisha ndipo habari yenyewe ifuate. Adabu hiyo ni nzuri, nasi hatuiachi. Lakini katika lugha ya watu, mwenye kujua "njema" tu hana la kufuatisha. Basi tujifunze na neno la pili.

Wassalaam,
Katibu wa Chama