SOMO KWA MAKATIBU: NAFASI, MKATO NA HAKI YA MWANACHAMA

Katika daftari la mapokezi, mistari iliyopigwa wima ndiyo inayotenganisha namba, jina, kata na uzito. Katibu akiandika "Mwanga Kusini", msomaji haulizi kama hayo ni mambo mawili, kwani maneno yote yamo ndani ya safu moja. Lakini orodha ikipelekwa Chama Kikuu kwa faili ya kompyuta yenye maandishi matupu, mistari hiyo haipo. Hubaki alama tu za kuieleza mashine jambo moja limekoma wapi na jingine limeanza wapi.

Chukua mfano wa chama cha wavuvi ambacho katibu wake ametenganisha mambo kwa nafasi:

014 Asha Juma Saidi Kibirizi 1,250
015 Juma Hamisi Mwanga Kusini 980

Mashine ikikata kila penye nafasi, kila mstari hutoa vipande sita. Hesabu imelingana, lakini maana haikulingana. Kipande cha nne katika mstari wa kwanza ni jina la mtu. Katika mstari wa pili ni mwanzo wa jina la kata. Kosa la namna hii ni la hatari, maana halijionyeshi.

Basi nafasi iachwe ifanye kazi yake ndani ya majina, na mkato utenganishe safu:

014,Asha Juma Saidi,Kibirizi,1250

Hapo yafaa kuzingatia mambo matatu.

Kwanza, mkato wa maelfu uondolewe. Ikiandikwa 1,250, mashine husoma 1, kisha 250, na mwanachama aliyeleta zaidi ya tani moja ya dagaa huandikiwa kilo moja. Kama mkato hauepukiki, kipande chote kifungwe kwa alama za usemi: "1,250".

Pili, nafasi isiachwe baada ya mkato. Kanuni za faili za namna hii zilizoandikwa mwaka 2005 zahesabu nafasi kuwa sehemu ya kipande chenyewe. Kwa hiyo "Kibirizi" na " Kibirizi" huweza kuhesabiwa kuwa kata mbili.

Tatu, anayetuma na anayepokea wakubaliane alama moja. Ng'ambo ya Ziwa, Uvira na Kalemie, wanaofuata uandishi wa Kifaransa huandika 12,5 kwa maana ya kumi na mbili na nusu. Wenye desturi hiyo hutenganisha safu kwa nukta mkato.

Kabla ya kutuma, katibu asome mstari mmoja mmoja pamoja na mjumbe wa kamati, huku daftari likiwa wazi mbele yao. Jasho la mwanachama lisipotee kwa sababu ya alama moja.

Maswali ya kujadiliana:
1. Chama chenu hutumia alama gani kutenganisha safu?
2. Ni majina gani ya kata zenu yenye maneno mawili?